Kredi ya watoto wetu walio Marekani: kuitazama ni bure, na inatuhusu hata sisi

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu hapa Bukavu alitungojea kwenye mlango wa biro, telefone mkononi. Alitaka tusikilize sauti ambayo kijana wake alimtumia kutoka Marekani usiku ule. Kijana alisema polepole, kama mtu aliyechoka: "Mama, mwezi huu sitaweza kutuma kitu. Ile nyumba wameninyima. Wanasema kredi yangu ni mbaya." Mama alizima telefone, akatutazama: "Mchungaji, huyu mtoto amekopa nini? Na ni nani huyo anayemsema vibaya kwa watu?"

Hatukuwa na jibu. Katika shule ya theolojia tulifundishwa Kigiriki na historia ya Kanisa, lakini hakuna mwalimu aliyetufundisha kredi ya Wamarekani. Tulimwombea mama, tukamwambia arudi baada ya wiki mbili. Katika wiki hizo tuliuliza watumishi wenzetu wanaoishi kule, tukasoma, tukazungumza na kijana mwenyewe mara tatu. Tunawaandikia yale tuliyoyapata, kwa sababu baada ya mama huyo wazazi wengine walikuja na swali lile lile, na tunadhani katika makanisa ya Goma, Uvira, Butembo na Bunia wapo wanaojiuliza vilevile.

Wengi kati yenu mna mtoto, dada au mjomba aliyepita kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, Nakivale kule Uganda, au Kiziba kule Rwanda, kisha akapelekwa Marekani kama mkimbizi. Wako Kentucky, Texas, Iowa, Maine, na mahali pengine pengi. Tangu mabenki yalipofungwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, nyumba nyingi tunazotembelea zinasimama kwa dola mia moja au mia mbili za mtoto huyo. Basi neno linaloweza kusimamisha dola hizo si neno la Wamarekani peke yao.

Tuanze na jambo tunalolijua. Wamama wa AVEC zetu wana vitabu vidogo. Kila juma mwandishi anaandika nani ameweka akiba, nani amekopa, nani amerudisha siku iliyopangwa na nani amekuja na maneno badala ya franga. Mwanachama akiomba mkopo mpya, hakuna anayeuliza kama anavaa vizuri au kama anaimba kwaya. Wanafungua kitabu. Tena, katika AVEC, hata bila kitabu watu wanajuana: wanajua mume wake, wanajua shamba lake, wanajua kwamba mwaka jana alichelewa kwa sababu ya kilio.

Marekani ni watu zaidi ya milioni 300. Mwenye banki hamjui mkopaji, wala mkopaji hamjui mwenye banki. Kwa hiyo kule kuna kampuni ambazo kazi yao ni kushika kitabu hicho kwa ajili ya nchi nzima. Kubwa ni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Si ofisi za serikali, ni watu wa biashara, wanauza habari hizo kwa anayetaka kukopesha au kupangisha. Kila mwezi banki, kampuni za karti na wakopeshaji wa magari wanazipelekea habari: fulani amelipa, fulani amechelewa, fulani amefungua karti nyingine. Kitabu chako kwao kinaitwa ripoti ya kredi.

Alama ya kredi ni kitu kingine, na watu wengi wanavichanganya. Alama ni nimero moja inayotolewa na hesabu iliyofanywa juu ya ripoti. Inayojulikana zaidi ni FICO, ya kampuni iliyoanzishwa mwaka 1956 na Bill Fair na Earl Isaac; alama yenyewe kama inavyotumika leo ilitoka mwaka 1989. Inaanzia 300 hadi 850. Mwaka 2006 zile kampuni tatu zilitunga alama yao nyingine, VantageScore, nayo siku hizi inatumia kipimo hicho hicho. Ndiyo maana mtu anaweza kuona 655 mahali pamoja na 672 mahali pengine siku ile ile, na hakuna aliyemdanganya: vitabu ni vitatu, na hesabu ni zaidi ya moja.

FICO wenyewe wanasema sehemu kubwa kuliko zote, asilimia 35, inatokana na jambo moja: je, umelipa kwa wakati? Asilimia 30 ni kiasi unachodaiwa, hasa kwenye karti, ukilinganisha na kiasi ulichoruhusiwa kutumia. Asilimia 15 ni muda ambao umekuwa na mikopo. Zinazobaki zinagawanyika kati ya mikopo mipya uliyoomba na aina za mikopo ulizonazo.

Sasa tazameni yale ambayo hayamo. Mshahara haumo. Akiba haimo. Dini, kabila na nchi uliyotoka havimo, na sheria ya mwaka 1974 inakataza mkopeshaji kumbagua mtu kwa mambo hayo. Franga anazotuma kwa mama yake kila mwezi hazimo. Sadaka haimo. Mume na mke hawana alama moja, kila mmoja ana yake, isipokuwa mkopo waliousaini pamoja unaonekana kwa wote wawili. Kwa hiyo mtu mwenye mshahara mzuri anaweza kuwa na 540, na mfagiaji wa hoteli akawa na 760. Tumesikia mhubiri mmoja, kwa video, akisema alama ya juu ni alama ya baraka. Hapana. Mzee ambaye hakukopa hata siku moja maishani mwake, aliyelipa kila kitu kwa franga mkononi, kwa FICO hana alama kabisa. Je, huyo hakubarikiwa?

Na mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege yuko sawa na mzee huyo. Wengine wanafikiri anaanza na sifuri, lakini sifuri haipo. Kitabu chake ni cheupe. Ili FICO watoe nimero, lazima awe na angalau mkopo mmoja uliofunguliwa miezi sita iliyopita au zaidi. Hapa kuna jambo ambalo wakimbizi wengi wamelisahau: tiketi ya ndege iliyowapeleka haikuwa zawadi. Ni mkopo usio na riba kutoka shirika la IOM, waliutia saini kabla ya kuondoka, na wanaanza kuulipa miezi sita baada ya kufika. Malipo yanapita kwenye mashirika yanayowapokea, mengine yakiwa ya makanisa, na baadhi yao yanapeleka habari za malipo hayo kwenye zile kampuni tatu. Kwa hiyo familia inaweza kuanza kujenga jina lake, au kulibomoa, kwa mkopo ambao haikujua kwamba unaandikwa mahali. Kama una ndugu aliyefika karibuni, mwulize tu: "Ile tiketi unailipa?"

Turudi kwa kijana wa mama yetu. Tulipomwuliza ripoti yake inasema nini, alisema hajawahi kuitazama. Miaka mitatu na nusu yuko kule! Kwa nini? "Mchungaji, rafiki yangu wa kazini aliniambia ukiitazama inashuka."

Uongo huu mdogo umetesa watu wengi, na umetoka kwenye ukweli nusu. Mkopeshaji akiifungua ripoti yako kwa sababu umemwomba mkopo, kufungua huko kunaandikwa, na kunaweza kupunguza pointi chache kwa muda. Kunabaki kwenye ripoti miaka miwili. Lakini wewe mwenyewe ukiitazama ripoti yako au alama yako, hakuna kinachopungua, hata ukiitazama kila asubuhi. Ni kama mwanachama wa AVEC anayeomba mwandishi amwonyeshe ukurasa wake: nani atamtoza kwa hilo?

Tena ni bure. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 iliamuru kila mtu apate ripoti yake bure mara moja kwa mwaka kutoka kila moja ya kampuni tatu. Wakati wa Korona kampuni zilifungua mlango zaidi, na mwaka 2023 zikasema utabaki hivyo daima: sasa unaweza kuipata bure kila juma. Mahali palipowekwa na sheria ni pamoja tu, tovuti ya AnnualCreditReport.com, au kwa telefone 1-877-322-8228. Iandikeni vizuri mnapowatumia, kwa sababu kuna tovuti zenye majina yanayofanana ambazo zinasema bure, halafu zinaomba nimero ya karti, na mwezi unaofuata zinaanza kukata. Ile ya kweli haiombi karti ya banki. Inaomba jina, tarehe ya kuzaliwa, adresi na nimero ya Social Security, kisha inauliza maswali machache kuhakikisha ni wewe.

Ripoti hiyo ya bure haina nimero ya alama ndani yake. Wengi wanapoifungua wanahangaika, wanafikiri wamekosea. Nimero yenyewe inapatikana bure pia, lakini mlango ni mwingine: banki nyingi na kampuni za karti zinaionyesha kwenye programu zao za telefone, na Experian wanatoa FICO bure kwa anayejiandikisha. Kama mtu hana muda, sisi tungemwambia aache nimero kwanza, asome ripoti. Nimero inakuambia una homa. Ripoti inakuambia kama ni malaria au typhoide.

Kijana aliifungua siku ya Jumamosi akiwa nasi kwenye WhatsApp. Alama yake, kwa programu ya banki, ilikuwa 561. Ndani ya ripoti kulikuwa na mambo mawili mabaya.

La kwanza: dola 118 za kampuni ya intaneti ya mji alioishi zamani. Alipohamia jimbo lingine kwa kazi, alirudisha funguo za nyumba, akamwaga mwenzake kwa machozi, akasahau fakitire ya mwisho. Barua zilikwenda kwenye adresi ya zamani. Baada ya miezi kadhaa deni liliuzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, nayo ikaliandika. Hapa mtu lazima aelewe jambo ambalo sisi tuliliona si la haki: fakitire ya intaneti au ya umeme, ukiilipa vizuri miaka yote, kwa kawaida haikuongezei chochote, kwa sababu kampuni hizo nyingi hazipeleki habari za malipo mazuri. Lakini ukiiacha, inaingia kwenye kitabu, na inaweza kukaa miaka 7. Mema hayaandikwi, mabaya yanaandikwa. Ndivyo ilivyo.

La pili lilitushtua zaidi. Kulikuwa na mkopo wa vyombo vya nyumbani uliochukuliwa kwenye duka la mji ambao hajawahi kukanyaga. Jina lilikuwa lake, karibu lote. Tarehe ya kuzaliwa: tarehe 1 Januari.

Mnajua hadithi ya 1 Januari. Kambini, mtu asiyejua siku aliyozaliwa anaandikiwa tarehe hiyo, na leo Wakongomani wengi sana kule "wamezaliwa" siku moja. Ongezeni majina yetu: Wamarekani wanaandika jina la kwanza na la mwisho, lakini sisi tuna jina la baba, jina la nyongeza na jina la ubatizo, na karani wa kila ofisi anayapanga anavyotaka. Mtu mmoja anakuwa watu wawili kwenye karatasi, na watu wawili wanakuwa mmoja. Makosa ya ripoti hayawapati wageni peke yao. Uchunguzi wa tume ya biashara ya serikali ya Marekani uliotolewa mwaka 2013 uliona kwamba mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa lililothibitishwa na kusahihishwa kwenye angalau ripoti moja. Kama Wamarekani wenye majina ya John na Mary wanachanganywa hivyo, sembuse watoto wetu.

Kosa linakatazwa bure. Mtu anaiandikia kampuni yenye kosa, kwa tovuti yake au kwa barua, anaeleza, anaambatanisha ushahidi, nayo kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza na kujibu. Kijana alituma nakala ya kitambulisho na kontra za nyumba mbili alizopanga, zenye kuonyesha kwamba miaka yote alikuwa mji mwingine. Katika juma la nne mkopo ule ulifutwa. Deni la intaneti lilikuwa lake kweli, akalilipa lote. Hilo halikufutika mara moja: mahesabu mapya hayajali deni la namna hiyo likishalipwa, lakini ya zamani, ambayo wengi wanaendelea kuyatumia, bado yanalihesabu.

Hapa lazima tuonye. Wakati akingoja majibu, mtu mmoja anayejiita kaka alimpigia na kumwambia kwa dola 600 anaweza "kuisafisha" kredi yake. Alizungumza Kiswahili kizuri, hata akaomba mwanzoni. Hakuna anayeweza kufuta jambo la kweli kabla ya muda wake, na jambo la uongo linafutwa bure na mwenyewe. Sheria ya Marekani inakataza kampuni za namna hiyo kupokea malipo kabla ya kufanya kazi waliyoahidi. Mtu akidai franga mbele, jibu limeshapatikana. Na nimero ya Social Security haitumwi kwa WhatsApp, si kwa kaka, si kwa mama, si kwa mchungaji. Kijana wetu alitaka kututumia yake ili tumsaidie. Tulimkataza.

Basi, je, alama hii ina maana yoyote, au ni ulimwengu tu unajisumbua? Swali hili tulilizungumza na wazee wa kanisa, na hatukuwa na jibu moja.

Ina maana kwa nyumba ya kupanga, kwa sababu wenye nyumba wengi wanaifungua kabla ya kutoa funguo. Inaweza kuongeza garanti ya umeme au ya telefone. Katika majimbo mengi inaingia hata kwenye bei ya asiransi ya gari. Waajiri wengine wanaweza kuomba ruhusa kusoma ripoti, ingawa wao hawapewi alama. Lakini inauma zaidi kwenye mkopo wa gari, na kule mji mwingi hauna basi wala taksi-moto. Bila gari hufiki kazini.

Tulipiga hesabu pamoja na kijana. Chukueni gari ya dola 15,000, mkopo wa miaka mitano. Mwenye alama nzuri akipewa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, analipa kama dola 290 kila mwezi. Mwenye alama mbaya akipewa asilimia 16, analipa kama dola 365. Gari ni ile ile, barabara ni ile ile. Tofauti ni dola 75 kila mwezi, karibu dola 4,500 kwa miaka mitano. Mama aliposikia dola 75 alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ni minervali ya wadogo zake wawili." Tangu siku hiyo hatukuhitaji kumweleza tena.

Kwa upande mwingine, si kitu cha kuabudu. Anayekaa kwenye nyumba yake, mwenye gari iliyolipwa, asiyetaka mkopo, anaweza kuishi miaka bila kujua nimero yake na asipoteze kitu, mradi anatazama ripoti mara mojamoja kuona kama hakuna mwizi aliyetumia jina lake. Mwenye 780 na mwenye 830 kwa kawaida wanapewa riba ile ile. Na wapo vijana wanaofundishana kwamba ni lazima ubakize deni kwenye karti kila mwezi ili alama ipande. Si kweli. Riba ya karti kule imepita asilimia 20 kwa mwaka. Atakayebakiza deni makusudi anamlisha mwenye banki bure. Anayeanza anaweza kuchukua karti ya garanti: anaweka dola 200 zake mwenyewe banki, anapewa karti ya dola 200, ananunua kila mwezi vitu vya dola 30 au 40 ambavyo angevinunua vyovyote, analipa vyote kabla ya tarehe. Miezi sita, nane, nimero inatokea. Hatuoni dhambi katika hilo. Tunaona hatari pale karti ya pili na ya tatu zinapofuata, na hapo ndipo sisi wa huku tunapoingia.

Kwa maana tuseme ukweli mbele ya Mungu: mara nyingi ni sisi. Kilio kimetokea, mgonjwa yuko hospitali, mtoto amefukuzwa shule, na tunapiga telefone tarehe 28, wakati mshahara wa kule umebanwa na nyumba, gari na karti vinavyodai kati ya tarehe 1 na tarehe 5. Mtoto anaona aibu kusema sina. Anatuma franga za gari, anasema mwenye gari atangoje. Mwenye gari anangoja kweli, lakini anaandika. Malipo yakichelewa siku tano au kumi, mara nyingi ni faini tu. Yakipita siku 30, yanapelekwa kwenye vitabu, nayo yanaweza kukaa humo miaka 7. Mtoto hakutuambia hilo kwa sababu alidhani hatutaelewa, na pengine hatukumpa nafasi.

Jambo jingine ni saini. Watu wetu wanapendana, na ndugu aliyefika jana anaomba wa zamani amsainie gari. Sisi huku tunamsukuma: "Msaidie mdogo wako, ni damu yako." Aliyesaini anadaiwa mkopo wote kama aliyekopa, na kila mwezi mwenzake anapochelewa, kitabu chake yeye pia kinachafuka. Kitabu cha Mithali, sura ya 6 na ya 22, kinaonya wazi juu ya kumdhaminia mtu, na tunashangaa kwamba tunahubiri kila kitu katika kitabu hicho isipokuwa hapo. Afadhali kumpa mdogo dola 300 za mkononi kuliko kumpa saini ya dola 15,000. Kuna na jambo baya kuliko hilo: mtu mzima ambaye kredi yake imeharibika anafungua fakitire ya umeme au karti kwa nimero ya mtoto wake wa miaka kumi. Mtoto atafikisha miaka 18 akiwa na madeni asiyoyajua. Wazazi mnaozungumza na watoto wenu kule, liulizeni hili bila kuzunguka.

Wenye ndugu Ubelgiji au Ufaransa wasishangae wakiambiwa hawajui kitu kama hicho. Ubelgiji, Banki ya Taifa inaandika mikopo ya kila mtu, na mwenyewe anaweza kutazama iliyo yake bure, lakini hakuna nimero ya 300 hadi 850 inayomfuata kwa kila mwenye nyumba. Kanada ndiyo inayofanana na Marekani, ila kipimo chao kinafika 900. Na hapa kwetu? Banki Kuu ya Congo ina Centrale des risques, ambako mabenki yanapeleka habari za wanaokopa. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyeacha deni Bukavu asifikiri kwamba Kinshasa au Lubumbashi ni nchi nyingine.

Kijana alipata nyumba mwezi wa tatu baada ya siku ile, si kwa sababu alama ilikuwa imepanda sana, bali kwa sababu mwenye nyumba, mzee mmoja, alikubali kusoma barua yake ya maelezo na kupokea garanti ya miezi miwili. Alama yake sasa ni 640 na kitu. Analipa gari tarehe 3.

Mama naye alikwenda kumwona prefe wa shule, akamweleza kwamba kuanzia sasa atalipa minervali baada ya tarehe 10. Prefe alikubali bila shida. Kisha mama alikaa kwenye benchi ya biro yetu, akabonyeza telefone na kumtumia kijana sauti yake: "Baba, lipa kwanza ya nyumba na ya gari. Zitakazobaki, utume baada ya hapo. Kama hazibaki, niambie tu hazikubaki."